Sifuri za Chumba cha Kwanza

Asubuhi nyingi mume na mke walitoka nyumba moja, wakafika jengo moja, na mlangoni wakasalimiana kama watu wasiojuana.

"Fungua mkoba, madam," mume alisema. Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa jengo la kompyuta la chuo.

"Huu hapa, askari," mke alijibu. Yeye alikuwa mtafiti wa ghorofa ya pili, na alikuwa akimalizia shahada ya udaktari.

Mlinzi aliuchungulia mkoba, akakiona chakula alichokifunga kwa mkono wake alfajiri ile, akaurudisha. Kampuni ya ulinzi haikutaka mlinzi awe na ndugu katika jengo analolilinda. Ikigundua, inamhamishia mbali au inamwachisha kazi. Hiyo ndiyo sababu waliyoitaja wao wenyewe. Sababu ya pili hawakuitaja kamwe, nayo ni kwamba haikuwa rahisi kwa mke kuwaambia maprofesa kuwa yule anayewapekua mikoba ndiye anayelala naye kitanda kimoja. Mwanzoni walifanya kama mzaha, wakifika nyumbani wanacheka mpaka machozi. Mzaha ukakaa sana, ukawa desturi, na vicheko vikakoma. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Hawa wawili walikuwa wamejifunza kukohoa ndani kwa ndani.

Wanafunzi walimwita mlinzi huyu Kufuli, kwa sababu jioni alikuwa hana msamaha. Muda wa kufunga ukifika, hata ungekuwa unamalizia sentensi ya mwisho ya maisha yako, unatolewa nje.

Jumapili kabla ya siku ya kuitetea tasnifu, mke aliigeuza sebule kuwa ukumbi. Kompyuta yake kuukuu aliiweka juu ya stuli, akasimama mbele yake akiwa amevaa suti mpya na kandambili. Hadhira ilikuwa watu wawili: Kufuli kwenye kochi, na mama yake Kufuli, aliyekuwa amekuja kuwatembelea na kukataa kuondoka mpaka mkwe wake awe daktari.

"Waheshimiwa wajumbe," mke alianza, "kompyuta inayowaka bila mtu wa kuitumia inakula umeme bure. Umeme huo unatoka mahali. Kuna mafuta yaliyochomwa, kuna moshi uliopanda, kuna mto uliozibwa. Utafiti wangu ulitaka kujua: tukiandika programu inayoilaza kompyuta yenyewe ikiachwa bila kuguswa, tutaokoa kiasi gani?"

"Inalala?" Mama akauliza. "Na mto mnaiwekea?"

"Mama, mwache amalize."

"Si ni wajumbe sisi? Mjumbe anauliza."

Mke akacheka, akasogea ili waione picha. Alikuwa amechukua vyumba viwili vya wanafunzi vilivyolingana kwa kila kitu, kompyuta zile zile, saa zile zile. Chumba cha kwanza alikiwekea programu yake. Chumba cha pili alikiacha kama kilivyo, ili apate cha kulinganisha nacho. Kila chumba kilikuwa na mita yake. Mstari mwekundu ulikuwa wa chumba cha pili, nao ulibaki juu mwaka mzima. Mstari wa kijani, wa chumba cha kwanza, ulianza umekumbatiana na mwekundu, kisha ghafla, katikati ya muhula, ukaporomoka mpaka chini.

"Hapa," mke alisema, akiuweka ukucha pale mstari ulipoanguka, "ndipo programu ilipoanza kushika."

Kufuli aliitazama sehemu ile. Wiki ile aliijua. Ilianza na jioni ambayo mkewe alirudi, akakaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyake miguuni, akasema chumba cha kwanza kinakula umeme sawasawa na cha pili, labda miaka yote ile alikuwa anafukuza upepo. Alilia bila sauti, kwa namna inayomwondolea mume usingizi. Kesho yake jioni, Kufuli alipomaliza kufunga vyumba, alikwenda kwenye kisanduku cha swichi kubwa ukutani, akazima umeme wa chumba cha kwanza. Zamu hiyo ilikwenda mpaka asubuhi, naye aliuwasha kabla ya mtu kufika. Alifanya hivyo kila alipopangwa zamu ya jioni, na zamu za jioni akaanza kuziomba.

Chumba cha pili hakukigusa. Alivyoelewa yeye, chumba cha kwanza ndicho cha mkewe, na cha pili ni cha wapinzani. Kwani nyumbani si ndivyo alivyofundishwa? Katika nyumba ile mtu akitoka chumbani bila kuzima soketi alisemwa mpaka ajute. Basi akazima. Tenda wema nenda zako, alijiambia, na kwa kweli alijiona mume bora kuliko waume wote wa mtaa ule.

"Na kama," alisema sasa, "kama mtu angezima swichi kubwa?"

Mke hakugeuka. "Nani azime? Ni marufuku kugusa." Akaisukuma picha nyingine ije.

Mama alikwenda kujilaza. Mke aliingia jikoni kuosha vyombo na suti yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Kufuli akamfuata, akashika kitambaa cha kukaushia. Alikausha sahani moja kwa muda mrefu sana.

"Nina neno," alisema.

"Keshokutwa nina mtihani. Lingoje."

"Likingoja litaoza. Zile hesabu za chumba cha kwanza... ni mimi. Nilikuwa nazima kule ukutani. Nilidhani nakusaidia."

Alingoja sahani irushwe. Mke aliendelea kusugua sufuria, akaisuuza, akaifudikiza.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Kompyuta iliyolala inakula umeme kidogo. Mtu akilala si anapumua? Mita lazima isome kitu. Mita zangu jioni zilikuwa zinasoma sifuri. Sifuri si usingizi, baba. Sifuri ni maiti." Alijifuta mikono kwenye suti bila kujua anafanya nini. "Nimeziona tangu muhula uliopita. Na jioni jengo lile linafungwa na nani? Na nani aliomba zamu za jioni mpaka nikadhani amepata mwanamke?"

Kufuli alikaa juu ya ndoo. "Sasa mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungenijibu."

Hapo ndipo hasira ilipompanda Kufuli, kwa sababu aibu ikikosa pa kukaa huvaa nguo za hasira. "Yaani umeniacha nibebe mzigo huu peke yangu leo mchana kutwa, kumbe wewe umeshaandika kitabu kizima juu yake?"

"Nani alikutuma? Nilikutuma mimi? Nilikwambia nenda ukaguse vitu vya watu?"

"Ulikuwa unalia!"

"Ningelia nikanyamaza! Watu wanalia wananyamaza!" Alijikumbuka, akashusha sauti, maana ukuta wa chumba cha Mama ulikuwa mwembamba. "Ukiziondoa sifuri zote, programu yangu inaokoa umeme. Kweli inaokoa. Lakini kidogo. Nilipiga hesabu nikaona ni kidogo cha kweli, na pembeni yake kuna kikubwa cha uongo, na msimamizi wangu alikuwa ameshakiona kikubwa, akakipenda, akakipeleka kwa mkuu wa idara. Sasa wanataka kuiweka programu katika majengo yote. Wameshaniahidi kazi ya uhadhiri kwa ajili yake. Ningerudi kusema nini? Mume wangu alinihurumia?"

Kufuli aliitazama suti ile iliyolowa. Miaka yote ya masomo ya mkewe, nyumba ile ilikula mshahara wa mlinzi. Suti ile ilitoka kwenye mshahara huo, na karo, na hata hiyo ndoo aliyoikalia. Hakuwahi kumsimanga. Lakini aliitaka sana siku hiyo ya keshokutwa, pengine kuliko mke mwenyewe, na sasa aliona kwamba kidole chake ndicho kilichoichafua.

"Wakikuuliza," alisema mwishowe, "sema ni mlinzi."

"Mlinzi gani?"

"Mlinzi tu. Sema umegundua juzi kuwa mlinzi alikuwa anazima. Sifuri ziondoe, kile kidogo cha kweli kibaki. Hutakuwa umedanganya."

"Na wewe?"

"Mimi kazi ya kulinda nitapata hata duka la misumari. Udaktari wako hauokotwi njiani." Akasimama, akaanza kukausha sufuria. "Nani kule anajua majina yetu? Sisi wote ni askari."

Mke alimtazama kama anayetaka kukataa. Hakukataa.

Siku yenyewe ilikuwa na joto, na mlango wa chumba cha mikutano uliachwa wazi kidogo ili hewa ipite. Kufuli alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake. Alisimama kwenye ukumbi mwembamba wa nje, mgongo ukutani, kofia imebanwa, na kila neno lilimfikia. Mama alikuwa ameambiwa abaki nyumbani.

Ndani walikuwa watu wanne: mkewe, profesa aliyemsimamia, mkuu wa idara, na mtahini aliyealikwa kutoka chuo kingine. Mtahini huyo alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba shingoni. Muda wote mke alipokuwa akieleza, huyo mama alikuwa akifunua kurasa za tasnifu kwa kidole kilicholowanishwa, bila haraka, kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele.

"Hongera," alisema mke alipomaliza. "Umeandika vizuri. Mimi nina jambo moja tu. Hizi sifuri za jioni, chumba cha kwanza. Kompyuta iliyolazwa haifi. Hizi zimekufa. Ni nini kilitokea?"

Kufuli aliisikia feni ya dari ikikwaruza.

"Nashukuru kwa swali hilo," mke alisema. "Nimegundua wiki hii. Kuna mlinzi alikuwa anazima swichi kubwa ya chumba hicho jioni. Nimeshapiga hesabu upya bila siku hizo. Umeme uliookolewa bado upo, ila ni mdogo kuliko nilivyoandika. Hesabu mpya ninayo hapa."

Karatasi zikapita mkono kwa mkono. Profesa alizitazama, akashusha pumzi nzito, kisha akaamua kulichukua jambo kwa ucheshi, kwa sababu jina lake pia lilikuwa kwenye kazi ile. "Ndiyo maana nasema kila siku, kompyuta za kutunza mazingira zinaanza na watu. Andika programu nzuri uwezavyo, atakuja askari na kidole chake!"

Wakacheka. Mkuu wa idara alicheka kwa sauti, profesa alicheka, na kicheko cha tatu, kifupi, chembamba, Kufuli alikijua. Kilikuwa kile kile kilichokuwa kikitoka nyumbani zamani walipokuwa wakiigizana mambo ya mlangoni. Kilimchoma. Alikuwa amejitolea kuitwa askari, ndiyo, lakini hakuwa amefikiria kwamba watamcheka, wala kwamba mkewe atacheka nao.

Mtahini hakucheka. "Alikuwa na sababu gani, huyo mlinzi?"

"Labda... labda alidhani anasaidia kuokoa umeme."

"Basi angezima vyumba vyote. Mbona cha pili hakukigusa?"

Sasa ndipo Kufuli alipofumba macho. Swali hilo hawakulipikia jibu kule jikoni.

"Swichi ya cha kwanza iko karibu na ngazi," mke alisema. "Ya cha pili iko mbali. Nadhani ni uvivu tu."

Swichi zile mbili zilikuwa kwenye kisanduku kimoja, bega kwa bega. Kufuli alikuwa amekisimamia kisanduku hicho miaka mingi. Uongo wa jikoni ulikuwa wake na aliutoa kwa mapenzi; huu mkewe aliupika mwenyewe, papo hapo, na ukatoka umeiva.

"Mlinzi huyo atafutwe," mkuu wa idara alisema. "Leo leo kampuni yao ijulishwe, aondoke. Hatuwezi kufanya utafiti huku watu wanachezea swichi. Unamfahamu?"

Feni ikakwaruza.

"Hapana," mke alisema. "Simfahamu."

Walimtoa nje ili wajadiliane. Alisimama upande wa pili wa ukumbi, hatua chache kutoka kwa mumewe, na hakuna aliyeinua macho. Jasho lilikuwa limemtoka mgongoni, likailoweka suti. Kufuli alitaka kumwambia mambo mawili kwa pamoja, kwamba amefanya vizuri, na kwamba asimguse leo. Mtu mmoja alipita na bunda la karatasi, wakamwachia njia.

Mlango ulipofunguliwa, profesa alikuwa amenyoosha mkono tayari. "Umefaulu! Marekebisho machache, hizo hesabu mpya uziingize. Hongera sana, Daktari."

Wote wakatoka. Mkuu wa idara alimpa mkono, mtahini alimpa mkono huku akiitia miwani yake kwenye pochi. Mke alikuwa akisema asante, asante, asanteni, kwa mdomo uliokauka. Ndipo sauti ikatokea ngazini, sauti ambayo haijawahi kuteremshwa na mtu yeyote.

"Yuko wapi? Yuko wapi daktari wangu?"

Mama alikuwa amekuja. Namna alivyopita getini aliieleza mwenyewe, akihema, kabla hajaulizwa: "Nimewaambia wale vijana wa chini, mwanangu ni mkubwa huku juu, nipisheni!" Alimkumbatia mkwe wake, suti na jasho na vyote, akamtikisa. Maprofesa walitabasamu kwa adabu, kama wanavyotabasamu watu wa ofisi mbele ya furaha kubwa kupita kiasi. Kisha Mama akageuka, akamwona Kufuli ukutani.

"Na wewe, mwanangu, mbona umesimama kama nguzo ya umeme? Njoo umpongeze mkeo!"

Profesa alimtazama mlinzi, akamtazama Daktari, akarudi kwa mlinzi. Mkuu wa idara hakuhitaji kutazama mara mbili. "Mkeo?" aliuliza. "Wewe askari, huyu mama anasema nini?"

Kufuli aliona yote kwa mara moja, kazi ya uhadhiri, cheti, miaka ya mshahara wake, vikiwa juu ya ulimi wake. Hakumtazama mkewe. Alisimama wima, mikono mbavuni.

"Mama huyu amenifananisha, mzee," alisema. "Simjui."

Mama alikuwa amenyoosha mkono kumvuta. Mkono ulibaki hewani kidogo, ukashuka taratibu.

"Nimekufananisha?" aliuliza. Haikuwa tena ile sauti ya ngazini. "Mimi? Na nani?"

Kufuli aliukazia macho ukuta wa mbele. Mama alimkagua usoni, kofia, sare, viatu, kana kwamba kweli huenda amekosea, na akaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua, akiokota heshima yake mbele ya wageni. "Macho yangu," aliwaambia. "Yamekuwa mabovu siku hizi. Mnisamehe, waheshimiwa."

Hilo ndilo lililomshinda mkewe. Mumewe kuitwa askari aliweza kuvumilia, na kazi ya mumewe aliweza kuitoa, na kicheko alikitoa pia, Mungu amsamehe. Lakini kumwona mama mtu mzima akiyasingizia macho yake ili kumlinda mtoto aliyemkana, hilo hakuweza kulibeba.

"Hajamfananisha," alisema.

"Nyamaza," Kufuli alinong'ona.

"Hajamfananisha mtu. Huyu ni mama mkwe wangu. Na huyu ni mume wangu, na ndiye aliyekuwa anazima." Alimgeukia mtahini. "Swichi ziko pamoja, mama. Kisanduku kimoja. Alizima cha kwanza kwa sababu nilirudi nyumbani nikalia juu ya cha kwanza. Na sikugundua wiki hii. Nimejua tangu muhula uliopita, nikaandika hivyo hivyo."

"Daktari," profesa alisema haraka, "haya mambo si lazima tuyazungumze hapa..."

"Bado sijawa daktari. Naomba turudi ndani."

Hakuna aliyesogea. Macho ya mkuu wa idara yalikuwa mekundu. "Unajua unachokiomba? Tukirudi ndani, huenda ukatoka bila udaktari."

"Najua."

Mtahini aliifungua pochi yake, akatoa miwani, akaivaa. Akawa wa kwanza kuingia. Profesa akafuata kichwa chini, halafu mkuu wa idara, ambaye kizingitini alisema bila kugeuka, "Mlinzi abaki nje."

"Ataingia," mke alisema. "Kuzima alizima yeye. Kunyamaza nilinyamaza mimi. Mtatuuliza wote wawili."

Akaushika mkono wa mumewe mbele ya ukumbi mzima. Ulikuwa wa baridi, siku ya joto namna ile. Kufuli alivua kofia, hakujua pa kuiweka, akamgeukia mama yake, aliyekuwa amejikalisha kwenye benchi la ukutani na kuufumbata mkoba wake mapajani.

"Mama," alisema.

"Nenda," Mama alimwambia. "Wanakungoja. Ukimaliza nao, uje hapa uniambie mimi ni nani."